Kumalizia Garimoshi la Baba Mkwe

Miaka yote niliyoishi Goma nyumbani kwa baba mkwe wangu sikuwahi kuongea naye. Hatukuwa na ugomvi. Ndivyo mkamwana alivyotakiwa kuishi katika ukoo ule wa Rutshuru, na mimi, niliyetoka Butembo ambako nasi tuna heshima zetu kwa wakwe ila hatuzifikishi huko, ilinibidi nijifunze haraka. Hukalii kiti chake hata kama amesafiri. Huingii chumbani kwake. Huli mbele yake. Ukiwa na neno naye unamwambia mama mkwe, na mama mkwe anageuza shingo kumwambia mume wake, ambaye amekaa hapo hapo na amesikia kila kitu. Jibu linarudi kwa njia ile ile.

"Mama, umuambie muzee chai iko tayari."

"Muzee, mukamwana anasema chai iko tayari."

"Umuambie asante."

"Anasema asante."

Mara nyingi chai ilipoa. Mwanzoni nilicheka kimoyomoyo, baadaye nikachoka, na mwisho nikazoea kiasi cha kutoona tena ajabu yoyote.

Mume wangu hakuwepo kunisaidia kucheka. Hatujamaliza hata mwaka wa ndoa alipoitwa Kinshasa kwa kazi ya majuma machache. Uasi ukazuka nyuma yake na nchi ikakatwa vipande viwili, yeye akabaki upande wa serikali, sisi upande wa waasi. Kati ya pande hizo hapakuwa na ndege, barua wala simu. Kilichokuwepo, siku wakubwa walipofumba macho, ni foni, redio ya kuongelea masafa marefu iliyowekwa kwenye kibanda cha mbao. Unapanga foleni, na foleni nzima inamsikia mume wako akisema amekukumbuka. Kisha mwenye redio anakukumbusha useme "à toi" ili mwenzako ajue zamu yake imefika. Miaka ile nilitaka kitu kimoja tu, kumfikia mume wangu. Kumbe nilikuwa nimeolewa na sauti inayokwaruza, mbele ya wauza mkaa waliopanga foleni nyuma yangu.

Nilikuwa mshonaji. Cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu ilikaa upande mmoja wa barza ya mbele ya nyumba, na meza ya baba mkwe ilikaa upande wa pili, tukiwa tumepeana migongo. Mimi nilishona magauni. Yeye alitengeneza garimoshi.

Ujana wake aliumalizia Kalemie, kwenye karakana ya reli, akirekebisha injini za mvuke mpaka zilipoachwa zikaota kutu. Kisha akarudi kwao, na kwao hakuna reli. Goma haijawahi kuona garimoshi, wengi wetu tuliliona kwenye sinema tu. Basi akaamua kujitengenezea lake dogo, urefu wa mkono wa mtu mzima kuanzia begani, linalokula moto na maji na kutembea lenyewe kama yale makubwa. Boila aliitoa kwenye bomba la shaba la kupashia maji, mabaki ya nyumba ya enzi za Wabelgiji. Kwa ajili ya magurudumu aliwaendea mafundi wa sufuria, wale wanaoyeyusha aluminiamu na kuimwaga kwenye mchanga, nao wakamuuliza kama anataka na mfuniko. Vingine vyote alivikata kwa msumeno wa mkono na kuvilainisha kwa tupa. Nilisikia tupa ile nyuma ya mgongo wangu kutwa nzima, naye akasikia cherehani yangu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Siku Nyiragongo ilipopasuka, moto haukutokea juu tulikozoea kuutazama. Mlima ulichanika ubavuni na moto ukashuka mjini taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mtaa mzima ulikuwa ukifunga magodoro. Nilisimama mlangoni na kichwa cha cherehani yangu, chuma kitupu, kizito kuliko nilivyoweza kubeba pamoja na mzigo wa nguo za wateja. Hatua chache mbele yangu alisimama baba mkwe, ameshika karai.

"Mama," nikasema, "umuambie muzee anisaidie kubeba mashini."

Mama mkwe alikuwa ndani akifunga sufuria. Akatoka. "Unasema nini?"

Nikarudia. Akageuza shingo. "Muzee, mukamwana anaomba umubebee mashini."

Baba mkwe akatazama karai lake. Ndani mlikuwa na garimoshi, ameliviringisha katika koti la suti yake ya harusi. "Umuambie mikono yangu imejaa."

"Anasema mikono yake imejaa."

"Mama, umuambie aache ile treni!"

Mama mkwe alinikazia macho. Neno kama lile asingeweza kulipeleka kwa mume wake, na ukwe ulikuwa ukwe hata moto ukiwa mwisho wa barabara. Akalilainisha. "Muzee, mukamwana anauliza kama mizigo yote hii ni ya lazima."

"Umuambie ni ya lazima."

Tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mji mzima. Cherehani yangu ikabaki, na ingali huko chini ya mawe.

Tuliporudi, mawe yalikuwa bado yanaunguza soli za viatu. Nyumba haikuwepo na mtaa haukuwepo. Ardhi ilikuwa imepanda mpaka usawa wa madirisha ya zamani. Tulikisia kiwanja chetu kilipokuwa, tukajenga kibanda cha mbao juu yake, na kabla hata mlango haujapata komeo baba mkwe alishaweka meza yake. Krr, krr, tupa ikaanza tena. Mimi nilikuwa nashona kwa sindano ya mkono, vidole vimevimba, na siku ambazo jirani hakuitumia cherehani yake nilimwomba anikodishe. Nilimchukia yule mzee. Nasema wazi kwa sababu nilikatazwa kusema wakati ule, na chuki isiyo na mahali pa kutokea inakaa kwenye shingo na mabega, ukilala inakuamsha.

Hakulimaliza garimoshi lake. Kifua kilimbana kabla mvua za msimu ule hazijakatika, akafa kitandani kwake, mume wangu akiwa upande wa pili wa vita.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Kwao kuna desturi kwamba kilio hakiondolewi ikiwa kazi aliyoianza marehemu kwa mikono yake imesimama katikati. Kama alianza nyumba, inaezekwa. Kama alianza shamba, linapaliliwa. Mrithi anamaliza, mjane anaona kwa macho yake kwamba imekwisha, ndipo nguo nyeusi zinavuliwa na watu wanakunywa. Mrithi alikuwa mmoja tu, mume wangu. Aliyesimamia mambo alikuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu, mfuga ng'ombe wa Masisi mwenye fimbo na sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Akauliza nani atafanya. Kila mmoja akamsukumia mwenzake. Nani anajua treni?

Mama mkwe akasema, "Muzee alisema mukamwana amalize."

Wote wakageuka kunitazama. Mimi sikumsikia akisema hivyo. Maneno yake yote yalinifikia kwa kinywa kimoja, na kinywa hicho ndicho kilikuwa kinasema sasa. Mpaka leo sijui kama mzee alilitamka neno lile, au mkewe aliliona linafaa.

"Basi ni yeye," akasema baba mdogo. "Bwana wake hayuko, yeye anasimama pahali pa bwana wake. Ile treni itatembea yenyewe, mama ataiona, na kilio kitaisha. Kabla ya hapo mukamwana asilale inje ya hii kiwanja."

Sikujali sana. Ningeenda wapi? Lakini miezi haikupita mingi, wakubwa wakapatana, nchi ikaungana tena kwenye makaratasi, na ndege zikaanza kuruka kati ya Goma na Kinshasa. Uwanja wetu uko katikati ya mji. Kila ndege ilipita juu ya mabati yetu chini kabisa, mpaka vikombe vikatetemeka, na kila ilipopita nilisimama na sindano mkononi nikiitazama mpaka inapotea. Nilienda kwenye foni. Mume wangu akasema kazi haimruhusu kutoka, mimi ndiye nije. Nikamweleza habari ya kilio.

"Basi maliza tu," akasema. "À toi."

Nilichomjibu hakiandikiki. Mwenye redio alikohoa na foleni yote ikacheka.

Ndivyo nilivyonaswa. Jela ina mlinzi, unaweza kumbembeleza. Mimi nilifungwa na chuma cha urefu wa mkono, kilichookolewa badala ya cherehani yangu, na ufunguo wake ni mimi mwenyewe nilitakiwa kuutengeneza.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kiti. Meza ya marehemu ilikuwa ya kufanyia kazi umekaa, na kiti kilicholingana nayo ni chake tu, na mkamwana hakalii kiti cha mkwe, awe hai au amekufa. Nilifanya kazi nikiwa nimesimama mpaka mgongo ukaniuma. Siku moja mama mkwe akanitazama, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakitandika kwenye kiti.

"Ukae."

"Mama, ni kiti ya muzee."

"Haukae ku kiti ya muzee. Unakaa ku kitenge yangu."

Nikakaa. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Hajavunja sheria hata moja maisha yake yote, na sikuwahi kumwona sheria ikimzuia kufanya alichotaka.

Garimoshi lenyewe lilikuwa karibu kwisha. Kila upande lilikuwa na silinda, na ndani yake pistoni inayosukumwa na mvuke mbele na nyuma. Fimbo inaiunganisha pistoni na gurudumu, sawasawa na ile fimbo ya cherehani inayounganisha ubao wa kukanyagia na gurudumu lake. Hiyo niliielewa bila mwalimu. Nikaziba mahali palipovuja kwa lehemu na kukaza kilicholegea. Boila nikaijaza maji ya ziwa niliyochuja kwa kitambaa, maana maji ya mvua ya Goma yanapita kwenye moshi wa mlima na tumeona yanavyoyala mabati yetu. Reli nikaziunda kwa nondo za ujenzi nilizokunja duara na kupigilia kwenye vipande vya mbao. Kazi kubwa ilikuwa kupata mahali tambarare uani. Nilipondaponda mawe ya volkano kwa nyundo mpaka majirani wakadhani najenga choo.

Kisha nikafika kwenye mhimili wa magurudumu makubwa. Mzee alikuwa ameshauandaa. Kwenye kila ncha alikata bapa, upande uliosawazishwa kwa tupa, ya kushikilia gurudumu lisizunguke ovyo, lakini bapa ya kushoto ilitazama juu na ya kulia ilitazama mbele. Hazikulingana. Nikakumbuka macho yake ya mwisho, yenye ukungu mweupe, na jinsi alivyopapasa meza akitafuta tupa iliyokuwa mbele yake. Maskini, nikasema, hapa alikuwa haoni tena. Nikachukua tupa nikamsahihisha. Bapa zote mbili nikazielekeza juu, pistoni mbili ziende pamoja na kurudi pamoja, kama miguu yangu inavyokwenda ninaposhona.

Baba mdogo aliitwa kutoka Masisi. Nilikuwa nimetafuta pombe ya kuwasha chini ya boila, na iliyoshika moto vizuri kuliko zote ni kanyanga, ile inayopikwa kwa siri. Majirani walioegemea ua wakasema hata treni ya Goma ni mlevi. Maji yakachemka. Mvuke ukaanza kutoka kwenye viungo, na garimoshi likatetemeka likasimama pale pale. Nikaligusa gurudumu kidogo kwa kidole. Likatoka! Likazunguka duara lote likipiga pumzi, nikapiga makofi kama mtoto. Likasimama. Nikaligusa tena, likaenda tena.

Mjue kwamba cherehani ya miguu iko hivyo. Fimbo ikinyooka sawa na gurudumu, ukanyage mpaka kesho haitoki. Unaligusa gurudumu kwa mkono, linaondoka, miguu inaendelea. Kila mshonaji anafanya hivyo mara mia kwa siku bila kujua anafanya. Kwangu mimi mashine inayoguswa ili ianze ilikuwa mashine nzima, haina ubovu.

"Anaisukuma," akasema baba mdogo.

Naye ni mkwe, kwa hiyo nikageukia upande wa pili. "Mama, umuambie baba mdogo ninaigusa tu."

"Anasema anaigusa tu."

"Umuambie mimi ng'ombe yangu akiguswa ndio atembee, namuita mugonjwa. Marehemu alisema itatoka yenyewe. Hii haijaisha."

Akachukua fimbo yake akarudi Masisi. Mama mkwe aliingia ndani. Ndege ikapita juu ya mabati, na mimi nikaketi juu ya mawe yangu niliyoyaponda nikalia kwa hasira, kamasi na kila kitu, mbele ya majirani.

Nilijaribu kama pedali za baiskeli, moja ikiwa juu nyingine iwe chini. Lilikwama vile vile, maana pistoni zote mbili zilikuwa zinafika mwisho wa safari wakati mmoja. Nilifungua na kufunga mpaka ncha za mhimili zikaisha kwa tupa, ikabidi nitengeneze mwingine kwa kipande cha nondo. Nikaanza kuwaza kutoroka. Ningepanda ndege tu, halafu? Ningekuwa mkamwana aliyekimbia kilio cha mkwe wake. Kwao ingesemwa, na Butembo kwetu ingesemwa zaidi, na mama yangu mzazi angeacha kwenda misa ya kwanza ili asikutane na watu.

Jibu lilikuja nikiwa nyumbani kwa jirani, mbele ya cherehani ya kukodi. Nilikuwa nikizungusha gurudumu polepole kwa mkono ili nipitishe uzi. Sindano ikashuka mpaka chini, ikasimama pale inapogeukia. Na ule mkono wa kuvuta uzi, unaotokeza juu ya sindano? Ulikuwa katikati ya njia, ndani ya kazi. Nikazungusha tena. Wenyewe haukungojea sindano, wala sindano haikuungojea. Mmoja anapogeuka mwingine ana nguvu. Miaka yote nimekaa mbele ya kitu hicho, pua karibu iguse, na sijakitazama.

Nikaacha kitambaa cha mtu chini ya sindano nikakimbia nyumbani. Njiani nikaziona akilini zile bapa mbili kama mzee alivyozikata, moja ikitazama juu, nyingine ikitazama mbele, robo ya mzunguko kati yao. Macho yake hayakuwa na kosa. Nilikuwa nimemsahihisha mtu ambaye hakukosea, na kwa upumbavu huo nilikuwa nimejifungia mwenyewe miezi ile yote. Nilikaa kwenye kitenge, mhimili mkononi, na neno likanitoka bila kupitia kwa mtu.

"Muzee, unisamehe."

Mama mkwe alikuwa kwenye mbabula akichochea mkaa. Akageuza shingo kuelekea ukuta, hata hakufikiri.

"Muzee, mukamwana anaomba umusamehe."

Akangoja kidogo, kama alivyongoja siku zote. Kisha akarudia mkaa wake. "Anasema uendelee."

Nikaendelea. Nikakata bapa upya kwenye nondo, robo ya mzunguko, kama zilivyokuwa. Asubuhi ya Jumamosi moja nikawasha kanyanga chini ya boila, peke yangu, baba mdogo sikutaka kumwita kwanza. Maji yakachemka. Nikakunja mikono nyuma ya mgongo ili isinisaliti. Garimoshi likakohoa mara mbili na kuondoka lenyewe, bila kidole, likashika duara likawa linazunguka. Sikupiga makofi safari hii.

"Mama! Kuya uone! Inatembea!"

Nikaita tena. Nikaingia ndani nikamkuta amekaa kitandani akitazama ukuta wa mbao, nguo yake nyeusi ameivuta mpaka kichwani.

"Inatembea yenyewe?" akauliza.

"Yenyewe, mama."

"Haukuigusa?"

"Sikuigusa. Kuya, moto haukai sana."

"Sitaki kuiona."

Damu ilinipanda. Nilimwambia mambo ambayo mkamwana hamwambii mama mkwe, tena kwa sauti. Nilimwambia mume wangu ananisahau sura. Nilimwambia cherehani yangu iko chini ya mawe kwa ajili ya chuma kile, na vidole vyangu nimevimaliza kwa ajili ya chuma kile, na sasa kimetembea anakipa kisogo. Aliniacha nikamaliza.

"Nikiiona, kilio kimeisha," akasema kwa ukuta. "Kilio kikiisha, utaenda. Na mimi nitabaki na nani humu ndani?"

Nilikaa kando yake kitandani, hasira ikiwa imenishuka yote kwa mara moja na huzuni imechukua nafasi yake. Nje garimoshi lilikuwa bado linazunguka. Tukalisikia likipunguza mwendo, pumzi zikiachana, mpaka likanyamaza.

"Imesimama?"

"Imesimama, mama."

"Sababu ya nini?"

"Moto umeisha. Nikiweka ingine itaenda tena."

"Hapana." Akajivua nguo kichwani na kujifuta uso nayo. "Imesimama sababu kuna kifaa kinapungua. Muzee aliniambia."

"Kifaa gani? Mama, haipungui kitu. Nimeifanya mimi."

"Jina yake hakuniambia. Alisema hapa Goma hakipatikane. Pengine Kinshasa."

Ni mimi huyo, niliyejiona mjanja wa fimbo na magurudumu, nikaanza kumhesabia vifaa vyote kwa vidole kumwonyesha kwamba vimetimia. Akanigeukia. Alinitazama kama nilivyowatazama wasichana niliowahi kuwafundisha kushona walipokata kitambaa upande usio wake.

"Mukamwana," akasema taratibu. "Muzee anasema kinapungua. Uende ukitafute."

Baba mdogo alipoletewa habari hakuwa na la kupinga. Kazi ya marehemu haiwezi kusimama katikati kwa kukosa kifaa, na kama kifaa kiko Kinshasa, mwenye kusimamia kazi sharti aende Kinshasa. Alinibariki mwenyewe, kwa kupitia kwa mama mkwe, akaniagiza nisidanganywe na wauzaji wa huko. Nikapanda moja ya ndege zile. Mume wangu alinipokea uwanjani na sikuijua sauti yake, kwa sababu haikukwaruza.

Hiyo ni miaka mingi sasa. Nimerudi Goma kumtembelea mama mkwe mara kadhaa, na kila mara nilifika bila kifaa, kama tulivyoelewana bila kuelewana. Baba mdogo aliniuliza mpaka alipokufa, nami nikamjibu mpaka alipokufa kwamba bado natafuta. Garimoshi liko juu ya meza, limefunikwa. Nilimsihi aje akae kwetu, nikambembeleza, nikamgombeza. Hakubali. Mjane hahami katikati ya kilio, anasema, na kilio hakijaisha, namungojea mukamwana. Nguo nyeusi zimechakaa akashona nyingine, nyeusi vile vile. Mimi nilitoka kwa mlango alionifungulia yeye, na yeye akabaki ndani akiushikilia.

Mlima umemwaga moto tena. Waasi wamekuja, wameondoka, wamerudi. Sasa kuna simu, na kila Jumapili baada ya misa nampigia. Safari hii waasi waliposhika mji sikumpata kwa siku nyingi, nikawa napiga huku natembea nyumba nzima. Alipopokea sauti yake ilikuwa ndogo. Akaniambia wakimbizi waliokuwa kambini Kanyaruchinya wamepita mbele ya nyumba na magodoro kichwani, kwamba benki zimefungwa, kwamba yeye haumwi, amezeeka tu. Nikaamua pale pale kwamba imetosha. Nitamwambia nimekipata kile kifaa. Nitakileta, msumari wowote, ataliona garimoshi linatembea, avue zile nguo, nimchukue nije naye. Kinywa nilikuwa nimeshakifungua.

"Mukamwana," akanitangulia, "umekipata?"

"Mama—"

"Kama umekipata, usiniambie sasa," akasema. "Ndege hazitui."